MJADALA: Kumlipa kiongozi akupeleke kuwinda aligeta Louisiana na Florida, ni uhifadhi au ni kununua nyara?

Tingatinga (mleta mada)

Wadau, salamu kwenu. Kila ukikaribia mwezi wa nane, wenzetu walioko Houston na Tampa huletewa matangazo ya safari za kuwinda aligeta: boti, kiongozi, tagi ya serikali (lebo ya kibali, moja kwa kila mnyama), nyama iliyokatwa na kichwa kilichokaushwa, vyote kwa malipo ya mara moja. Aligeta ni ndugu wa mamba anayeishi kusini-mashariki mwa Marekani. Pua yake ni pana, na akifunga mdomo meno ya taya la chini hayaonekani.

Hoja mezani: safari hizi zitetewe kwa kuwa zinalinda vinamasi, au zipingwe kwa kuwa ni kuua kwa ajili ya picha? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Zinateteeka pale tu ambapo fedha ya mgeni inamfikia mtu ambaye bila hiyo fedha angekausha kinamasi chake akapanda mpunga au akauza viwanja. Pasipo hilo, sioni utetezi. Naomba tuje na mambo yanayopimika: nani analipwa, nani anahesabu wanyama, na mnyama anakufaje.

Ngozi Mbichi

Mkuu Tingatinga, hoja yako ina mashiko, ila historia itangulie, maana bila hiyo watu watabishana hewani.

Louisiana ilifunga uwindaji wa aligeta mwaka 1962, wakati jimbo lilikadiria kuwa waliobaki hawafiki laki moja. Mwaka 1967 serikali kuu ikamwingiza kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Mwaka 1969 Sheria ya Lacey ikarekebishwa, ikawa kosa la shirikisho kuvusha ngozi haramu kutoka jimbo moja hadi jingine. Msimu ulifunguliwa tena 1972, katika Cameron Parish peke yake (parish ni kama wilaya huko Louisiana), ukaenea jimbo zima 1981. Mwaka 1987 aligeta akatangazwa kuwa amepona. Leo Louisiana inakadiriwa kuwa na aligeta wa porini zaidi ya milioni mbili.

Sasa sikilizeni utaratibu wenyewe, maana ndio unaojibu swali la nani analipwa. Zaidi ya asilimia 80 ya makazi ya aligeta ya pwani ya Louisiana ni mali ya watu binafsi. Tangu 1970 idara ya wanyamapori hurusha helikopta kila mwaka kuhesabu viota kwenye mistari iliyopangwa juu ya vinamasi. Kutokana na hesabu hiyo hugawa tagi kwa mwenye ardhi, kwa kadiri ya ekari zake na aina ya kinamasi. Kinamasi chenye viota vingi hupata tagi nyingi, na kilichokaushwa hakipati hata moja. Mwenye ardhi huwapa wawindaji tagi zake na kugawana nao mapato. Mgeni haruhusiwi kuingia peke yake: anakata leseni ya burudani na kuwa chini ya kiongozi mwenye tagi za ardhi ile.

Msimu nao haukupangwa kiholela. Unaanza mwishoni mwa Agosti upande wa mashariki na mwanzoni mwa Septemba upande wa magharibi. Wakati huo majike yenye viota yako ndani kabisa ya kinamasi, kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi, na madume yako kwenye mifereji na maziwa ambako boti hupita. Kwa hiyo anayenaswa mara nyingi ni dume, na mama aliye kwenye kiota habugudhiwi. Huo ni uhifadhi uliofanyiwa hesabu.

Dada wa Mikoko

Kaka Ngozi Mbichi, tarehe zako sina ugomvi nazo. Nina ugomvi na hitimisho. Kilichomwokoa aligeta, kwa maelezo yako mwenyewe, ni miaka kumi ya kufunga msimu pamoja na sheria iliyobana soko la ngozi. Uwindaji wa kulipia ulikuja mnyama akiwa ameshaanza kuongezeka, kwa hiyo haustahili kubeba sifa ya kumwokoa.

Halafu umepita haraka mno juu ya namna mnyama anavyonaswa. Wasomaji waambiwe. Louisiana njia kuu ni ndoana yenye chambo. Mti hukitwa ukingoni, mshipi mzito wa nailoni hufungwa upande mmoja kwenye mti imara au mzizi, na upande wa pili huwekwa ndoana kubwa yenye paja la kuku. Chambo huning'inizwa juu ya maji kwa kibanio kinachoachia kikivutwa. Aligeta anaruka, anameza, ndoana inashuka hadi tumboni. Hiyo ni jioni au usiku. Kupiga risasi kunaruhusiwa mchana tu, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, kwa hiyo anakaa amefungwa kwa utumbo wake hadi boti ifike. Sheria inataka mishipi ikaguliwe kila siku, na aliyenaswa auawe papo hapo boti inapofika. Lakini "kila siku" inaweza kuwa saa kumi na mbili za kuvutana na mti. Na mgeni aliyelipa hufika asubuhi kupiga risasi moja kichwani mwa mnyama aliyekwisha choka. Kwangu huo ni unyongaji unaouzwa kwa jina la uwindaji.

Na jingine: ndoana haichagui. Ikiwa tagi zimekwisha na kuna aligeta kwenye mshipi, lazima aachiwe. Aliyemeza ndoana hadi tumboni akikatiwa mshipi anaondoka nayo.

Ngozi Mbichi

Dada, hilo la mwisho ni kosa la kiongozi mbovu, na linazuilika. Kanuni ya kwanza ya kazi ni kutotega mishipi mingi kuliko tagi ulizobakiwa nazo. Ukiwa na tagi nne, unatega minne au pungufu. Tagi zikiisha, ndoana zote zinatolewa siku hiyo hiyo, na hilo ni takwa la sheria.

Kuhusu kuchagua, urefu wa chambo juu ya maji ndio kichujio. Kikining'inia kiganja kimoja juu ya maji, kila mdogo atakifikia. Kikipandishwa hadi kama futi moja na nusu, wadogo hawafiki. Rakuni na ndege wala mizoga nao huiba chambo kilichowekwa ovyo karibu na ukingo, ndiyo maana mti hukitwa ukiinamia majini.

Na risasi: ubongo wa aligeta ni mdogo sana, mdogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima, na juu yake kuna bamba la mfupa. Risasi ya .22 ikipigwa kati ya macho kutoka mbele inaweza kuteleza. Mahali sahihi ni kisogoni, kwenye shimo laini mara baada ya bamba la fuvu kuisha, katikati kabisa. Kiongozi mzuri huvuta mshipi taratibu, anasubiri kichwa kitulie sawa na maji, ndipo anamwambia mgeni apige. Mgeni mwenye mikono inayotetemeka haruhusiwi kupiga, na mkataba uliotulia husema hivyo kabla fedha hazijalipwa.

Chusa

Mnaongea Louisiana tu. Florida ni jambo jingine kabisa, na wanaotangaziwa Tampa na Orlando wanatangaziwa Florida. Huko, kwenye uwindaji wa umma ulioanza 1988, ndoana yenye chambo ni marufuku, na bunduki ya kawaida ni marufuku. Sheria inataka kwanza umshike mnyama kwa kamba iliyo mikononi mwako, ndipo umwue. Sababu ni ya kiufundi: aligeta aliyekufa huzama. Ukimpiga akiwa huru, unapoteza mnyama na hesabu ya serikali inaharibika.

Kazi inavyokwenda ni hivi. Mchana kiongozi anazunguka ziwa kuona walipo. Usiku taa ya kichwani inaonyesha macho mekundu. Boti inasogea kwa mota ya umeme isiyo na kelele. Urefu unakadiriwa kwa kutazama umbali kati ya tundu za pua na macho: kila inchi moja ni takriban futi moja ya mwili. Inchi tisa, futi tisa. Akizama, unafuata viputo.

Kisha fimbo nzito ya kuvulia, uzi wa kusuka, na ndoana tupu ya pembe tatu. Unairusha mbele ya viputo, unaiacha izame, unaiburuta hadi iguse mwili, unapiga kwa nguvu. Huo ni mshipi wa kwanza, na peke yake hautoshi. Akishachoka kidogo na kupanda, anapigwa chusa ambacho kichwa chake hutoka mtini na kubaki mwilini kikiwa na kamba na boya. Kamba mbili ndizo usalama. Anayepoteza mnyama aliyejeruhiwa ni yule aliyetegemea kamba moja.

Mwisho ni fimbo ya risasi. Ni mti mrefu wenye chumba cha risasi moja nchani, .357 au .44, inayolipuka ikigusa mwili tu. Inapigwa kisogoni, nyuma ya bamba la fuvu, ikielekea mbele. Makosa ya hapa yako matatu, na yote ni ya haraka. La kwanza ni kupiga juu ya bamba la mfupa: mnyama anapoteza fahamu, hafi. La pili, kumvuta ndani ya boti kabla taya halijafungwa tepu, mizunguko kadhaa ya tepu ya umeme. La tatu ni kuacha kukata uti wa mgongo kwa kisu nyuma ya fuvu mara tu taya lishafungwa. Aligeta aliyedhaniwa amekufa huamka, na boti ya futi kumi na sita haina pa kukimbilia.

Tagi inafungwa papo hapo mkiani, ndani ya inchi sita kutoka ncha, kabla ya kupiga picha yoyote. Taarifa inapelekwa kwa jimbo ndani ya saa 24. Kwa hiyo Dada, hapa hakuna mnyama anayelala kwenye ndoana usiku kucha. Mapambano yenyewe ni dakika, mara chache zaidi ya saa.

Hesabu Kwanza

Mkuu Chusa umeeleza vyema, ila kwa kipimo cha mleta mada Florida inaanguka mtihani, na nitasema kwa nini.

Florida ina aligeta wapatao milioni 1.3, na wamo katika kaunti zote 67. Jimbo hutoa vibali zaidi ya 7,000 kwa mwaka kwa njia ya droo, kila kibali na tagi mbili. Mkazi analipa kama dola 272 kwa leseni na tagi hizo mbili, asiye mkazi kama dola 1,022. Fedha hiyo inakwenda jimboni na inasaidia kuhesabu na kusimamia. Sawa. Lakini bei kubwa ni ile ya kiongozi, na ya kiongozi inaishia kwa kiongozi. Maji ni ya umma: Okeechobee, Kissimmee, Mto St. Johns. Hakuna mwenye kinamasi anayesubiri malipo ili asikaushe. Ziwa Okeechobee halitageuka mtaa wa nyumba kwa sababu wageni wameacha kuwinda.

Zipo pia ardhi binafsi Florida ambako wageni huwinda chini ya mpango wa mwenye shamba, na huko bei hupanda kwa futi. Wa futi saba ni bei moja, wa futi kumi na mbili ni maelfu kadhaa ya dola. Hapo ndipo pananikera. Jike huwa nadra kuvuka futi kumi, kwa hiyo kila anayelipia futi kumi na mbili analipia dume, na dume la futi kumi na mbili limeishi miongo kadhaa. Kiwanda cha ngozi hakimtafuti: ngozi yake ina makovu na vifupa vigumu. Nyama yake ni ngumu. Anatafutwa kwa ajili ya ukuta. Louisiana inaweza kusema inauza kinamasi. Anayeuza kwa futi anauza kipimo cha utepe.

Nikubali upande wa pili pia: tagi za umma zote zikitumika ni kama wanyama elfu kumi na tano kati ya milioni 1.3, na hazitumiki zote. Spishi haiumii. Ila "haiumii" ni jambo tofauti na "inasaidiwa", na matangazo huuza la pili.

Papa Kivu

Bandugu, niongeze la vitendo kwa aliye Texas au anayetaka kwenda. Msikubali kiongozi anayesema "leseni tutaona huko". Texas, katika kaunti 22 za kusini-mashariki, msimu ni tarehe 10 hadi 30 Septemba, na mwenye ardhi ndiye hupewa tagi. Mwambieni awaonyeshe tagi mkononi kabla ya malipo ya mwisho. Florida, kama hukushinda droo, unakata leseni ya usaidizi, kama dola 52, na mwenye kibali lazima awe nawe botini. Asipokuwepo, anayevunja sheria ni wewe uliyeshika kamba.

Nyama: joto la Septemba ni kali. Mnyama aliyeachwa juani kwa muda wa saa mbili kwa ajili ya picha, nyama yake inaanza kuharibika. Barafu iwe tayari botini, tumbo lijazwe barafu, na achunwe mapema. Nyama nzuri ni ya mkia na ya mashavuni. Mafuta yatolewe yote, ndiyo yanayoleta harufu. Wa Everglades wana zebaki nyingi, hao wasiliwe hovyo, hasa na mama mjamzito na watoto.

Ngozi: ikwanguliwe mafuta na nyama yote, ipakwe chumvi laini unene wa kama sentimita mbili na nusu hadi kwenye kingo na ndani ya miguu, iviringishwe, iwekwe mahali baridi. Chumvi ya mawe huacha mashimo. Pembe iliyosahauliwa bila chumvi ndiyo inayooza kwanza, na magamba yakianza kubanduka ngozi imekufa. Tagi isitolewe hadi kiwandani.

Mzee wa Utete

Nimesoma yote. Mnajadili Marekani, lakini najua mjadala huu utaishia kwetu, maana kuna wanaosema Rufiji na Rukwa tufanye kama Louisiana. Basi tuwekane sawa.

Kwetu mamba wa Nile anawindwa kihalali tayari. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, Tanzania ina ukomo wa kusafirisha nje mamba wa porini wasiozidi 1,600 kwa mwaka, nyara za watalii zikiwa humo humo, mbali na wa mashambani. Mgeni anaingia kwenye kitalu na mwindaji bingwa. Mamba anapigwa akiwa amelala kwenye fungu la mchanga, kutoka mbali, kwa bunduki kubwa. Risasi lazima ivunje ubongo au uti wa shingo, maana akibaki na nguvu ya kupiga mkia mmoja ameshaingia majini na amepotea.

Tazameni sasa. Mgeni anamtaka mkubwa, mahali patulivu, ndani ya kitalu. Mamba anayeua anakaa kwenye bandari ya kuteka maji, kwenye tope, karibu na nyumba, na huenda ana futi kumi tu. Hao si mamba mmoja. Kumwuza yule wa kwanza hakumwondoi wa pili. Florida, kuanzia 1948 hadi 2022, walihesabu vifo 26 vya watu walioshambuliwa bila kumchokoza mnyama. Miaka sabini na mitano. Mto kama Rufiji hauwezi kulinganishwa na hesabu hiyo, na anayetoa mfano wa Marekani bila kusema tofauti hii anawakosea waliozika.

Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa aliyeuawa na mnyama. Kabla ya kuzungumzia dola za mgeni, semeni ni visima vingapi na vizuizi vingapi vya miti kwenye sehemu za kutekea maji vitajengwa kwa dola hizo, na kijiji gani.

Ngozi Mbichi

Shikamoo Mzee. Sipingi hata neno moja kuhusu bandari za maji. Ila naomba niulize: si ndiyo hoja ya Louisiana hiyo hiyo? Kwamba fedha imfikie anayeishi na mnyama. Kwetu ardhi ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, hatuna mwenye kinamasi wa kupewa tagi. Lakini tuna jumuiya za hifadhi za vijiji zinazopata mgao wa ada za uwindaji. Mamba wangeweza kuhesabiwa kijiji kwa kijiji, na mgao wa kila nyara ukatajwa kwa jina la kisima.

Mzee wa Utete

Marahaba mwanangu. Inawezekana, lakini anza na kuhesabu. Louisiana walihesabu viota kwa helikopta kwanza, tagi zikafuata. Kiota cha aligeta ni kichuguu cha majani, kinaonekana kutoka angani. Mamba wa Nile anafukia mayai kwenye mchanga, kutoka angani huoni kitu. Kuhesabu kwetu ni kwa boti, usiku, kwa tochi, mto mzima, na maji yakipanda mamba wanaingia kwenye mabwawa ya pembeni na hesabu inapotea. Bila hesabu, mgao utagawiwa kwa kukisia, na anayekisia ni mwenye sauti kubwa.

Mwanakisumu

Kutoka Kenya, niseme kifupi. Sisi tulipiga marufuku uwindaji wa kitalii 1977 na bado biashara ya ngozi ya mamba ipo, kwa mashamba na kwa mayai yanayokusanywa kwa kibali, Mto Tana ukiwemo. Kwa hiyo kusema kwamba bila mgeni mwenye bunduki kinamasi hakina thamani si kweli. Mayai yanalipa. Hata huko Louisiana, wenye ardhi huuza mayai, na wafugaji hutakiwa kurudisha porini sehemu ya waliokua. Mwulizeni Ngozi Mbichi kipi kimewalipa wenye ardhi zaidi, mayai au tagi.

Ngozi Mbichi

Mayai. Sitaficha, kwa miaka mingi mayai yameleta fedha nyingi kuliko tagi kwa wenye ardhi wakubwa. Na kiwango cha kurudisha porini kimepunguzwa mara kadhaa kwa sababu wa porini wameongezeka.

Lakini ndugu yangu wa Kisumu, tazama mayai yanategemea nini. Yanategemea wafugaji, wafugaji wanategemea ngozi, na ngozi nzuri zinanunuliwa na majumba machache ya mitindo Ulaya. Soko likijaa, mfugaji haokoti yai hata moja, na mwenye ardhi anabaki na kinamasi na kodi. California ilitaka kuzuia uuzaji wa bidhaa za aligeta kuanzia 2020. Louisiana ilikwenda mahakamani na mahakama ya shirikisho ikazuia sheria hiyo isitekelezwe, ila kama ingepita, bei ingeanguka kwa uamuzi wa jimbo lisilo na aligeta hata mmoja wa porini. Ngozi ya porini nayo imeshuka bei sana, kwa sababu ya shambani haina makovu. Mgeni anayelipa kuwinda hategemei mkoba wa Paris. Ndiyo maana natetea safari hizi za kuongozwa: si kwa sababu ndicho chanzo kikubwa, bali kwa sababu ni chanzo kisichoyumba pamoja na kile kingine.

Hesabu Kwanza

Hapo umenisogeza. Lakini basi dai liandikwe kwenye mkataba: kiongozi aseme tagi ni ya ardhi gani, na mwenye ardhi anapata kiasi gani kwa kila mgeni. Kuna viongozi wanaokodi ardhi kwa bei ya kudumu kwa miaka. Huyo mwenye ardhi hapati senti ya ziada kwa mgeni wa kumi au wa mia. Mgeni anadhani amelipia kinamasi, kumbe amelipia boti.

Tingatinga (mleta mada)

Nakubali. Na Florida ya maji ya umma naiondoa kwenye utetezi wangu. Inaweza kuruhusiwa kwa kuwa haidhuru, lakini isiitwe uhifadhi.

Chusa

Mkuu, usiiondoe yote kwa mkupuo. Kuna kitu hakijasemwa. Florida ina mpango wa aligeta wasumbufu: mtu anapiga simu, mnyama wa futi nne au zaidi anayetishia watu, wanyama wa kufugwa au mali anafuatwa na mtegaji mwenye mkataba na jimbo. Mtegaji huyo analipwa kidogo sana, riziki yake ni ngozi na nyama. Ngozi ikianguka bei, anakosa mafuta ya gari. Baadhi ya wategaji hao ndio viongozi wa safari miezi ya Agosti hadi Novemba. Ukiwafungia safari, jimbo litalazimika kumlipa mtegaji mshahara kamili kutoka kwenye kodi, au simu zikae bila kujibiwa. Tuseme hivyo, kisha tuamue.

Na mtindo wa kumhamisha aligeta mkubwa badala ya kumwua, ambao wengi huupendekeza, haufanyi kazi: hurudi alikotoka, au hupigana na aliyepo huko anakopelekwa.

Dada wa Mikoko

Sawa, Chusa, hilo la wategaji nalichukua. Lakini mjadala usifungwe kabla ya kurudi kwenye ndoana ya Louisiana, maana fedha imejibiwa na mateso hayajajibiwa. Nina pendekezo mahususi. Mishipi itegwe alfajiri, ikaguliwe adhuhuri na jioni, na ndoana zote ziondolewe kabla ya giza. Aligeta asikae kwenye ndoana zaidi ya saa sita. Mgeni anayelipa maelfu anaweza kulipia mizunguko miwili ya boti kwa siku. Kwa nini isiwezekane?

Ngozi Mbichi

Inawezekana, kwa hasara ambayo lazima isemwe. Aligeta hula zaidi kuanzia magharibi na usiku, hasa maji yanapokuwa ya moto mchana. Chambo cha mchana kitakaa juani, kitaoza na kuliwa na ndege, na tagi nyingi zitabaki mwisho wa msimu. Mwenye ardhi mwenye tagi mia mbili hawezi. Mwenye wageni wawili kwa siku na tagi mbili anaweza, na baadhi ya siku watarudi mikono mitupu.

Kuna njia ya kati: mishipi itegwe jua linapokaribia kuzama, boti iwe ya kwanza majini jua linapochomoza, na mishipi ya mgeni ianzwe kabla ya mingine yote. Hiyo inakata saa nyingi bila kubadilisha sheria. Kuna viongozi wanaokwenda saa mbili au saa tatu asubuhi ili mgeni anywe chai kwanza. Hao wanastahili kuulizwa saa zao kabla ya kulipwa.

Dada wa Mikoko

Basi liwe swali la kwanza la kila anayepiga simu kuulizia safari: mishipi inategwa saa ngapi, na ya kwanza inakaguliwa saa ngapi. Asiyejibu kwa saa kamili, asipewe fedha. Na jimbo nalo liandike saa hizo kwenye kanuni, lisiwaachie viongozi hiari. Hapo bado hatujakubaliana.

Ngozi Mbichi

Kwenye kanuni sikubali. Kunapokuwa na dhoruba ya Septemba au ukungu mzito asubuhi, saa iliyoandikwa itamlazimisha mtu kuingia majini wakati asiopaswa, akiwa na mgeni asiyejua kuogelea. Iandikwe kwamba mishipi isitegwe kabisa pale dhoruba inapotabiriwa. Hiyo nitaitia saini.